Kujitolea Hosteli ya Mahujaji La Rioja na Kuijua Nchi ya Mizabibu: Mwongozo kwa Anayeanza

Wanaotaka kwenda kujitolea kwenye Njia ya Santiago, ile njia ya mahujaji ya Hispania, huniuliza maswali yale yale. Wanalipa? Lazima niwe Mkatoliki? Kihispania je? La nne huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: na hiyo mivinyo ya huko, mtu anaionja saa ngapi kama anashinda anapiga deki?

Matatu ya kwanza ni mepesi. Hawalipi, na nauli ni yako. Si lazima uwe Mkatoliki wala Mkristo, ila hosteli za parokia nyingi zina sala fupi ya jioni, na utatakiwa kuiheshimu na kuwaelekeza wageni wanaotaka kuhudhuria. Kihispania cha kusalimia, kuelekeza choo na kusema hakuna nafasi kinatosha kuanzia, mengine yatakuja.

La nne ndilo lililonifanya niandike. Una takriban saa tatu kwa siku, zikizidi sana nne, kati ya kumaliza usafi asubuhi na kufungua mlango mchana. Matembezi yako yote ya mizabibu yaingie humo, au yasubiri siku za kabla na baada ya zamu. Hosteli ndiyo inayopanga saa, mvinyo unafuata.

Kwa asiyejua ramani: Njia ya Wafaransa, ambayo ndiyo maarufu zaidi kati ya njia za Santiago, ina kama kilomita 780 kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, hadi Santiago de Compostela. Kama kilomita 60 kati ya hizo zinapita mkoa wa La Rioja: Logroño, Navarrete, Ventosa, Nájera, Azofra, Santo Domingo de la Calzada, halafu Grañón. Hapo ndipo mwongozo huu unapohusika.

KABLA HUJAANZA, UWE NA HAVI

- Pasipoti, na viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Hispania ikiwemo) kama unaihitaji.
- Bima ya safari inayogharimia matibabu kwa angalau euro 30,000. Ni sharti la viza hiyo.
- Kredensiali yako ya zamani, yaani kile kijitabu cha hujaji kilichogongwa mihuri, kuonyesha kwamba umeshatembea.
- Cheti au uthibitisho wa mafunzo ya mhudumu wa kujitolea. Wenyewe humwita hospitalero, na jina hilo ndilo utakaloitwa.
- Kandambili za bafuni, viatu vya kutembelea vilivyokwisha kulainika, na koti la mvua. Aprili na Mei huko kuna baridi ya kutosha.
- Glovu za mpira za saizi yako. Hosteli huwa nazo, lakini mara nyingi ni kubwa kama za mchimba kisima.
- Tochi ndogo. Utaihitaji kukagua magodoro.
- Pesa za siku zako za mapumziko. Hosteli itakupa kitanda na mara nyingi chakula. Haitakupa nauli ya basi la kwenda Haro, mji wa mvinyo.

HATUA KWA HATUA

1. Tembea kwanza.

Mtandao mkubwa wa wahudumu wa kujitolea Hispania, ulio chini ya shirikisho la vyama vya marafiki wa Njia ya Santiago, hauchukui mtu ambaye hajawahi kuwa hujaji mwenyewe. Ni sharti la busara. Asiyewahi kufika mlangoni saa tisa alasiri, malengelenge yamepasuka, akaambiwa asubiri foleni, hajui kwa nini glasi ya maji huja kabla ya fomu.

Kama una muda mchache, tembea kipande kinachopita La Rioja chenyewe. Logroño hadi Nájera ni kama kilomita 29, Nájera hadi Santo Domingo kama 21, na kutoka hapo hadi Grañón kama 7. Kwa siku tatu utakuwa umeijua nchi utakayoihudumia, na umejionea mizabibu inaanzia wapi na kukomea wapi. Hilo la mwisho lina maana kuliko unavyodhani. Soma hatua ya 6.

2. Fanya mafunzo.

Kwa kawaida ni ya mwishoni mwa juma. Hufanyika Hispania na pia katika nchi nyingine, Uingereza na Marekani zikiwemo, kupitia vyama vyao vya mahujaji. Usitarajie mihadhara. Mtaigiza hali halisi: aliyekuja amelewa, anayelia, anayetaka kulala siku tatu, aliyegombana na mwenzake njiani.

3. Omba zamu, na usichague kijiji.

Zamu huwa nusu mwezi: tarehe 1 hadi 15, au 16 hadi mwisho. Wewe unataja tarehe unazoweza, wao wanakupanga penye upungufu. Kosa la wengi wanaoanza ni kuandika barua ndefu ya kuomba hosteli fulani kwa kuwa waliiona kwenye picha. Ziko pia hosteli za parokia na za watu binafsi zinazotafuta watu zenyewe. Hizo unaweza kuziandikia moja kwa moja, lakini uliza mapema kuhusu saa za kazi, siku ya kupumzika, na mtakuwa wahudumu wangapi. Hosteli inayokutaka peke yako kwa vitanda 40 bila siku ya kupumzika inatafuta mfanyakazi wa bure, na wewe hukwenda kwa hilo.

4. Shughulikia viza bila ujanja.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza. Anayeishi kihalali katika nchi ya Schengen hahitaji nyingine kwa safari fupi. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Afrika Mashariki anahitaji. Hispania ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, ila ukingoja hizo siku 15 umejitafutia presha. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na viza ya muda mfupi hairuhusu zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180.

Onyo: usiandike «utalii» huku barua ya zamu iko mfukoni. Ambatanisha barua ya hosteli au ya shirikisho, ieleze kwamba hakuna malipo, na uulize ubalozi kama aina ya viza uliyochagua inafaa. Ofisa wa uwanja wa ndege akikuuliza unakwenda kufanya nini, jibu lako na makaratasi yako yaseme kitu kimoja.

5. Fika siku moja kabla, ujifunze saa za hosteli.

Uwanja mkubwa ulio karibu ni Bilbao. Kutoka mjini Bilbao kuna mabasi ya Logroño. Ukitokea Madrid, tenga nusu siku. Lengo la kuwahi ni kumkuta mhudumu anayeondoka, akuonyeshe mahali pa kuzimia gesi, bomba linalovuja, na duka linalokubali kuandika deni.

Siku yenyewe huenda hivi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri taa za ukumbini zinawaka. Kahawa, mkate, jamu. Saa mbili asubuhi mahujaji wote wawe nje, mlango ufungwe. Kisha kazi: kufagia, deki, vyoo, mabafu, kukagua magodoro, kubadilisha foronya, kutoa taka, kwenda sokoni. Mkiwa wawili na mkigawana vizuri, saa nne mmemaliza. Saa saba au saa nane mchana mnafungua. Mnaandikisha wageni, maana ni sheria ya nchi, mnagonga mihuri, mnagawa vitanda vya dabodeka. Vya chini wapewe wazee na wenye magoti mabovu. Jioni mnapika. Saa nne usiku taa zinazimwa, ingawa mwezi wa Juni nje bado kuna mwanga, na hapo mazoea yetu ya saa na jua yanapotea kabisa.

Kipimo cha chakula kinaulizwa sana. Kwa watu 40: tambi kavu kilo 4, au dengu kilo 3. Supu ya dengu yenye karoti, kitunguu na pilipili hoho huokoa siku nyingi, kwa sababu wasiokula nyama nao wanakula. Wapishi wa Rioja wataongeza chorizo kwenye kila sufuria ukiwaachia nafasi. Ni soseji ya nguruwe. Viazi vyao mashuhuri na maharage mekundu hupikwa nayo pia. Kwa hiyo sufuria ya wasiokula nguruwe itengwe tangu vitunguu vinapokaangwa. Kuokota vipande vya nyama mwishoni si kutenga.

Kama hosteli ni ya mchango wa hiari, sanduku liwekwe pembeni, wewe usisimame karibu nalo. Mchango wa hiari haumaanishi bure, na unaweza kulieleza hilo mara moja, kwa wote, wakati wa chakula. Usimfuate mtu mmoja mmoja.

6. Chora ramani ya saa tatu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanadhani hosteli yoyote ya La Rioja imezungukwa na mizabibu. Sivyo. Kutoka Logroño hadi Azofra, ndiyo. Baada ya hapo njia inapanda, na kufikia Santo Domingo na Grañón umeshaingia nchi ya ngano. Grañón ni hosteli ninayoipenda kuliko zote, unalala kwenye jengo la kanisa, godoro chini, lakini ukitoka nje kuitafuta zabibu utatembea sana. Panga kulingana na ulipopangiwa:

Ukiwa Logroño: vuka mto Ebro kwa Daraja la Chuma. Bodegas Franco-Españolas, bodega (yaani kiwanda cha mvinyo) iliyoanzishwa 1890, iko hapo hapo ng'ambo. Unaweza kutembelea na kurudi kabla ya kufungua mlango. Asubuhi nyingine fuata mishale ya manjano inayoonyesha Njia kuelekea magharibi hadi bwawa la La Grajera, ambako mizabibu huanza, kisha geuka.

Ukiwa Navarrete: huna haja ya basi. Mji umekaa kilimani na mizabibu imeuzunguka. Mafundi wa vyungu wapo tangu zamani. Tazama lango la makaburi: lilikuwa la hospitali ya mahujaji ya San Juan de Acre, iliyoanzishwa 1185, likahamishiwa hapo. Kwa anayehudumia mahujaji leo, hilo lango linastahili dakika kumi.

Ukiwa Nájera: tembea hadi Azofra na kurudi, kama kilomita 12, ardhi nyekundu pande zote mbili. Ukibakiwa na muda, ingia monasteri ya Santa María la Real, walikozikwa wafalme wa Navarra.

Ukiwa Santo Domingo au Grañón: saa tatu hazitoshi kwa mizabibu, usijidanganye. Nenda kanisa kuu la Santo Domingo ukawaone jogoo na kuku hai wanaofugwa humo ndani kwa sababu ya kisa cha kijana aliyenyongwa bila hatia. Haro iwekee siku ya mapumziko.

7. Siku ya mapumziko: chagua upande mmoja.

Haro kwanza, kama ni mara yako ya kwanza. Mtaa wa kituo cha treni una bodega za zamani zilizopangana: López de Heredia (1877), CVNE (1879), La Rioja Alta (1890), Muga na nyingine. Ziko kituoni kwa sababu: mdudu filoksera alipoangamiza mizabibu ya Ufaransa karne ya 19, wafanyabiashara wa Bordeaux walikuja kununua huku, na reli ndiyo iliyobeba mapipa.

Upande wa pili ni Laguardia, mji wenye kuta juu ya kilima, na chini yake mapango ya kuhifadhia mvinyo. Karibu na hapo kuna bodega ya Ysios iliyochorwa na Santiago Calatrava, na Elciego ipo hoteli ya Marqués de Riscal ya Frank Gehry, iliyofunguliwa 2006. Kuzitazama kwa nje ni bure, na kwa maoni yangu kunatosha.

Onyo: angalia ratiba za mabasi na treni kwa tarehe yenyewe. Jumapili na sikukuu hupungua sana. Usikodi gari kama utaonja, na baiskeli nayo isikudanganye: Hispania mwendesha baiskeli aliyekunywa hutozwa faini vilevile.

8. Ingia bodega kama mtu aliyejiandaa.

Weka nafasi mapema. Karibu zote hutoza ziara. Nadharia unayohitaji ni ndogo. Zabibu nyekundu kuu ni Tempranillo. Husaidiwa na Garnacha, Graciano na Mazuelo. Nyeupe kuu ni Viura. Kwa mvinyo mwekundu, Crianza umekaa angalau miaka 2, mmoja wake ndani ya pipa. Reserva ni 3, nao angalau mwaka mmoja kwenye pipa. Gran Reserva ni 5, miwili ikiwa kwenye pipa. Pipa ni la lita 225. Rioja ilikuwa ya kwanza Hispania kupewa daraja la juu la uthibitisho wa mahali mvinyo unakotoka, mwaka 1991, na kila chupa ina lebo ya bodi yao nyuma.

Ukionja, tema. Ndoo iko mezani kwa kazi hiyo na hakuna anayekasirika. Una mlango wa kufungua saa saba.

Kwa aliyetoka Dodoma, jambo moja litamshangaza: kule kwetu mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, huku hulala majira ya baridi, huvunwa mara moja tu. Ukija Machi utakuta visiki vyeusi, usidhani vimekufa.

9. Calle del Laurel, na namna ya kuagiza.

Ni kichochoro cha Logroño chenye baa zilizobanana, kila moja na kitafunwa chake. Unakula kimoja, unahama. Uyoga wa kukaanga na kitunguu saumu, uliopandishwa na kamba mdogo juu ya mkate, ndio wa kuanzia. Agiza «un crianza», au «un joven» kama unataka mvinyo wa mwaka huo. Asiyekunywa pombe aagize «un mosto»: ni juisi ya zabibu, inatolewa kwenye glasi ile ile na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Hili nawaambia hasa ndugu Waislamu wanaodhani mtaa huo hauwahusu.

10. Ukipangiwa Septemba.

Mavuno huanza upande wa mashariki wa Rioja, wenye joto zaidi, kisha hupanda magharibi hadi Oktoba. Wiki yenye tarehe 21 Septemba ni sikukuu ya San Mateo, Logroño: zabibu hukanyagwa hadharani na juisi ya kwanza hutolewa kwa Bikira wa Valvanera. Hosteli hujaa, kelele hadi alfajiri. Weka viziba masikio mezani.

Usichume zabibu barabarani. Kila mstari una mwenyewe. Na usikubali kibarua cha mavuno kwa viza ya muda mfupi, hata ukiambiwa ni cha siku mbili.

Jingine lisiloandikwa kwenye vipeperushi: kila Septemba vibarua wengi hufika Logroño kutafuta kazi ya mavuno, kundi kubwa wakitoka Afrika Magharibi na Kaskazini, na baadhi hulala nje. Ukiwa Mwafrika utadhaniwa mmoja wao, dukani au kituo cha basi. Na mmoja wao anaweza kubisha mlango wako. Hosteli ina kanuni ya kupokea wenye kredensiali, ila mpe maji, mkae, na uwe na karatasi iliyoandikwa tayari anwani ya makazi ya dharura ya mji na ya Cáritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki. Iandae siku ya kwanza. Yeye akiwa amesimama mbele yako ni kuchelewa.

YAKIHARIBIKA

Kunguni. Hujaji akionyesha mapele yaliyojipanga mstari, usipige kelele wala usimfukuze. Begi lake liingie mfuko wa plastiki, nguo zifuliwe na kukaushwa kwa joto kali, yeye aoge. Asubuhi kagua mishono ya magodoro kwa tochi, funga chumba hicho, mpigie msimamizi. Usinyunyize dawa uliyonunua dukani kwa kubahatisha.

Malengelenge. Wengi watakuomba uyatoboe. Safisha, toa gozi na dawa ya kuua vijidudu, mwache mwenyewe aamue. Penye usaha au wekundu unaopanda mguuni, ni kituo cha afya, leo hii.

Dharura. 112, popote Hispania.

Nafasi zimejaa. Usimwambie tu «hakuna». Piga simu kijiji kinachofuata ukiwa naye hapo. Kama ni mzee na jua limekuwa kali, tafuteni godoro la chini au teksi ya kuchangia na wengine.

Mgeni amerudi amelewa kutoka Laurel. Mlango umeshafungwa, anagonga. Mfungulie, mlaze kitanda cha chini karibu na choo, ndoo pembeni. Mazungumzo ni asubuhi, faraghani.

Mwenzako wa zamu anatoroka kila asubuhi kwenda kwenye mivinyo. Kaeni siku hiyo hiyo, mgawane: mmoja sokoni na mwingine nje, kesho mbadilishane. Mkishindwa, msimamizi ndiye anayeamua. Usilibebe kimyakimya hadi siku ya mwisho.

Umechoka hadi huoni raha ya chochote. Huwa siku ya sita au ya saba. Acha ziara iliyopangwa, hata kama umeshailipia, ulale hizo saa tatu.

Chupa za kurudi nazo. Nunua mbili, si sanduku. Zizungushie nguo, zikae katikati ya begi linaloingia tumboni mwa ndege, na uulize forodha ya nchi yako kiasi kinachoruhusiwa kabla hujalipa dukani.